Mama Salumu Watatu Ndani ya Mfumo

Jumatatu, 3 Juni

Maneno kumi na moja leo. Bado ishirini na tisa. Kidole cha kalamu kimeota sugu na sijali.

Likizo ndiyo kwanza imeanza na tayari nina kazi. Kazi ya kweli! Chama chetu cha ushirika wa korosho hapa Makote kinatoka kwenye daftari, kinaingia kwenye mfumo wa kompyuta. Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza. Katibu wa chama, Baba Shaibu, aliuliza shuleni nani anaweza kuyaandika maneno yake kwa Kiswahili ili wajumbe wa kamati waelewe. Mwalimu akanitaja mimi. Mimi, ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikitaka kwenda chooni.

Nimepata haya:

Seva. Kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Hailali.

Wingu. Seva za watu wengine, ziko mbali, zinatunza taarifa zetu. Tunazikodi, hatuzioni.

Huduma ya kulipia kwa muda. Hununui mashine ya kupulizia mikorosho, unaikodi msimu kwa msimu. Ikiharibika, mwenye nayo anatengeneza.

Hilo la mwisho nimelisoma mara nne. Ni zuri. Ni langu.

Jumanne, 4 Juni

Amefika mkufunzi wa mfumo, Dada Neema, kutoka Masasi. Kijana, anacheka kwa sauti, anaongea Kiswahili chenye Kimakhuwa ndani yake. Nilikuwa nimepanga maswali sita. Nikauliza moja, tena nikizitazama ndala zake. Akajibu yote sita.

Nimejifunza kuhusu mazingira mawili. Mfumo una mazingira ya majaribio na mazingira halisi. Kwenye majaribio unaharibu, unafuta, unaanza upya, hakuna anayeumia. Kwenye mazingira halisi, ulichoweka ndicho kinachofanya kazi. Natamani maisha ya shule yangekuwa hivyo. Kwanza uongee mbele ya darasa la majaribio.

Halafu akanifungulia akaunti! Nina jina la mtumiaji na nywila. Ruhusa yangu ni ya mtazamaji, naona kila kitu, sibadilishi chochote. Baba Shaibu ndiye msimamizi. Dada Neema akasema, "Mtazamaji mzuri anamwokoa msimamizi mvivu." Baba Shaibu akasema amesikia.

Nimerudi nyumbani nikikimbia. Bibi, ninayeishi naye, akauliza nafukuzwa na nini.

Jumatano, 5 Juni

Nimemaliza! Maneno arobaini. Faharasa yangu imechapwa, imebanwa pini, ina jalada. Wajumbe saba wamepewa kila mmoja nakala yake. Mzee mmoja alisoma "nakala rudufu: kama mbegu ulizozificha kando ili nyani akila shambani usife njaa," akacheka mpaka akavua kofia. Nilitaka kuzama ardhini kwa furaha.

Dada Neema ameondoka kwenda Lupaso kufundisha chama cha kule. Anarudi Jumamosi saa sita kuhamisha orodha ya wanachama kutoka majaribio kwenda mazingira halisi. Jumatatu salfa, dawa ya unga ya mikorosho, inagawiwa kwa orodha hiyo. Jina lako halipo, mfuko hupati. Mikorosho imeanza kutoa maua, na maua bila salfa yanaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, basi, msimu umekwisha.

Baba Shaibu anaipakia orodha ya daftari kwenye majaribio leo mchana. Kasema faharasa yangu iko mezani pake, kompyuta ikimuuliza neno analitafuta humo. Sijawahi kujisikia hivi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Naandika polepole ili nisikosee tena.

Orodha ya majaribio imebandikwa ukutani ofisini. Nilimtafuta Bibi. Hapa watu wanamwita Mama Salumu, na jina Mama Salumu lilikuwepo. Nikafurahi. Halafu nikaona mbele yake: mikorosho mia moja na ishirini. Bibi ana mikorosho thelathini na minane. Naijua mmoja mmoja.

Yule alikuwa Mama Salumu wa mashineni, anayekaa karibu na mashine ya kusaga. Kijiji kina akina Mama Salumu watatu. Wa mashineni, wa barabarani na Bibi. Orodha ina mmoja.

Nikaingia kwenye akaunti yangu, nikafungua kumbukumbu ya matukio, pale mfumo unapoandika nani kafanya nini saa ngapi. Imeandikwa wazi. Msimamizi ameondoa rekodi rudufu kwa kulinganisha jina. Majina kumi na sita yametoka.

Nikafungua faharasa. Neno la thelathini na moja.

"Rekodi rudufu: jina lililoandikwa mara mbili. Liondoe."

Nimeandika mimi. Kwa mkono wangu. Kitabu cha Kiingereza kilisema mtu yuleyule aliyeandikwa mara mbili. Nikafupisha kwa sababu sentensi ilipendeza ikiwa fupi.

Kwetu mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wa kwanza. Karani wa zamani aliandika hivyohivyo kwenye daftari, na wengi wa hao akina mama hawana namba ya kitambulisho cha taifa. Basi kwa kompyuta, Mama Salumu watatu ni mmoja aliyejirudia. Bibi yangu amefutwa kwa sentensi yangu nzuri.

Sijala. Bibi anadhani ni malaria.

Ijumaa, 7 Juni

Nilikwenda kwa Baba Shaibu kabla hajafungua mlango. Nikasema shikamoo. Nikasema, "Neno la thelathini na moja nimekosea." Alipofungua ofisi nikamwonyesha kwa kidole. Orodha, daftari, faharasa.

Alivisoma vyote vitatu, kimoja baada ya kingine. Mwisho akasema, "Nasra, mke wangu mwenyewe nimemwandika Mama Shaibu. Tuna akina Mama Shaibu wangapi hapa?"

Wanne. Mke wa katibu amefutwa!

Hakucheka, ila alikaribia. Akasema orodha ya zamani inarudi kwa kubonyeza mara moja, lakini haisaidii, kwa sababu Dada Neema alishasema mazingira halisi yanakataa watu wawili wenye jina moja bila namba. Lazima kila mmoja awe na jina lake mwenyewe. Waliofutwa pamoja na wenzao waliobaki kwa majina hayohayo, ishirini na wanne. Kabla ya kesho saa sita. "Mimi nikienda kuwauliza wake za watu majina yao nitapigwa," akasema. "Nenda wewe. Umesema mwenyewe umekosea."

Mimi! Niende kwenye nyumba za watu wazima na kuuliza jina!

Nimekwenda. Nyumba ya kwanza, ya Mama Salumu wa mashineni, nilizunguka ua mara mbili kabla ya kupiga hodi.

"Jina langu la nini? Umetumwa na polisi?"

"La salfa, Mama."

"Salfa inanijua. Mimi Mama Salumu."

Nikamwambia wako watatu. Akasema hao wengine wameiga. Nilipofika kwa Mama Salumu wa barabarani naye akasema hivyohivyo, tena akaongeza kwamba Salumu wake ndiye mwenye akili. Lakini wote wawili, nilipoiweka kalamu juu ya karatasi, walitazama pembeni kidogo, kisha wakasema. Zuhura. Asumini. Walisema taratibu, kama mtu anayefungua sanduku lililokaa sana bila kufunguliwa.

Mke wa katibu alisema lake na kuongeza, "Mwambie huyo bwana aliandike na ubaoni, huenda akalikumbuka."

Kufikia nyumba ya kumi sikuwa nazunguka ua tena. Ya kumi na tano nilipiga hodi nikiwa bado barabarani. Miguu inauma. Nina majina ishirini na matatu na nataka kupiga kelele.

Bado moja, la Bibi, ambalo hata mimi silijui. Amekwenda mazishini Newala, anarudi kesho asubuhi.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tatu, Bibi hajafika. Saa nne, hajafika. Ofisini Baba Shaibu anachapa majina kwa kidole kimoja. Kamati nzima imekaa. Akaniambia nisimame niwaeleze kosa. Nilisimama. Nikasema kwamba niliandika jina, na nilipaswa kuandika mtu. Sentensi moja tu, sikutazama ndala za mtu. Yule mzee wa kofia akasema, "Basi tuandikie upya hilo neno," na wakachukua kalamu, wote saba, wakasahihisha nakala zao pale pale.

Saa tano na nusu Dada Neema kaingia na mkoba. Saa sita kasoro dakika kumi, Bibi, akiwa na kanga ya msibani, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amepitia nyumbani hakunikuta.

Nikamuuliza mbele ya watu wote. Jina lako, Bibi.

"Somoe," akasema. "Somoe Binti Likwama."

Baba Shaibu akachapa. Dada Neema akabonyeza. Mstari wa kijani ukatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna rekodi iliyokataliwa. Nimepiga makofi peke yangu, kwa nguvu, na sikuona aibu mpaka nilipofika nyumbani!

Jumatano, 12 Juni

Tumepuliza leo alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani. Mashine ya jirani. Salfa imetufanya wote wa njano mpaka nyusi.

Tukapumzika chini ya mkorosho. Bibi akasema Somoe ni jina alilotoka nalo unyagoni. Kabla ya hapo aliitwa jina jingine. Kwetu ni tusi kumwita mtu mzima jina la utotoni, na waliokuwa wakilijua lake wamekufa, wa mwisho ni huyo aliyemzika Ijumaa Newala.

Akaninong'oneza sikioni.

Sitaliandika hapa.

Tukasimama, tukaendelea na mstari wa mikorosho uliobaki.