Kalamu Niliyokunyang'anya, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa hiyo tuendelee.

Jana Bwana Hassanali alikuja tena kuulizia kalamu. Hakuja kwa tamaa, unamjua. Alikaa kwenye kiti chake kilekile barazani, akanywa chai ya mama, akasifu maandazi ambayo hayakuwa na lolote la kusifiwa, halafu akasema, "Nakundwa, kalamu ya Kijapani isipoandika inakufa. Kama wewe huiandikii, nipe mie niiandikie." Nikamwomba asubiri. Niliona nikuandikie wewe kwanza, na ninakuandikia kwa kalamu yenyewe, ile ya samaki wawili. Ndiyo, nimeigusa. Inuka basi unichape.

Unakumbuka siku uliyokuja nayo? Nilikuwa na miaka tisa hivi, vita vikubwa havijaanza. Ulitoka ofisini mjini mpaka hapa Chang'ombe kwa miguu, viatu vimejaa vumbi na uso umekunjuka kwa furaha. Mama akauliza, "Baba Nakundwa, baiskeli iko wapi?" Ukapapasa mfuko wa shati, ukasema, "Ninayo hapa." Kumbe umebadilishana na karani mwenzio Mgoa, ambaye alipewa kalamu hiyo na mtu wa meli ya Kijapani na hakuona maana yake. Mama aliitazama kalamu, akakutazama wewe, akasema, "Vizuri. Kesho uipande uende nayo kazini." Siku tatu nzima alikupakulia chakula bila kukusemesha.

Nyeusi, nene, na samaki wawili wekundu wanafukuzana kwenye kofia yake, magamba yao yamenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Watu walikucheka mpaka ukabadilisha njia ya kwenda kanisani. Siku zile Japani kwetu ilikuwa raba za rahisirahisi, na vitambaa vinavyochuja rangi vikifuliwa mara moja. Karani mzima katoa baiskeli kwa kitu cha Kijapani! Aliyekuelewa alikuwa mtu mmoja tu, Bwana Hassanali mwenye duka la madaftari, kwa kuwa naye alikuwa na zake nne, amezilaza kwenye kisanduku alichokitandika pamba.

Ndipo zikaanza zile Jumapili zenu. Sie tumetoka kanisani, yeye kafunga duka, mnatandika taulo jeupe mezani, bakuli la maji baridi katikati. Mnazifungua kalamu, mnaziosha, mnazijaza wino tone kwa tone kwa mrija wa kioo. Halafu mnaanza kubishana, na mtu akipita barabarani angedhani mnagombea shamba.

Bwana Hassanali alishikilia kwamba kalamu ni ya mkono, si ya macho. Alikuwa akiivua kofia na kuiacha hivyo tangu chai mpaka chakula cha mchana, kisha aone kama itaandika kwa mguso wa kwanza. Ikikataa, alisema, "Hii ya kumpa shemeji." Yeye aliipenda yake moja nyekundu isiyo na picha yoyote, na alisema dhahabu ni shela la bibi harusi asiye na sura. Wewe ulikuwa unapandisha sauti hapo! Ulimweleza kwamba rangi ile si rangi, ni utomvu wa mti, unapakwa safu moja, unaachwa ukauke, unasuguliwa, unapakwa tena, miezi na miezi. "Fundi aliyemsubiri samaki miezi yote hiyo," ulisema, "hawezi kuitengeneza nibu kwa kulipua." Bwana Hassanali alikuwa akijibu, "Wewe umesubiri nini? Umetoa baiskeli siku moja." Mkacheka wote wawili mpaka mama akachungulia.

Mambo mawili tu mlikubaliana. La kwanza, nibu nzuri haiumizi karatasi. Mlikuwa mnaandika mstari, mnageuza karatasi, mnapitisha kidole kwa nyuma. Kidole kikikuta mfereji, kalamu imehukumiwa. "Hii inalima," ulisema, ukaiweka kando. Lakini ya samaki wawili ilikuwa haiachi kitu, na hapo ndipo ulipojidai. "Pitisha kidole, Hassanali. Unaona? Kama vile sikuandika."

La pili, kalamu haishikwi na mkono mwingine, kwa sababu nibu inajifunza mkono wa mwenyewe na mkono wa mgeni unaiharibu. Hilo nililijua kwa ngozi yangu. Nilinyoosha kidole mara moja nimguse samaki, ukanichapa juu ya kiganja. "Toa mkono!" Miaka yote nikawaletea chai, nikasikia hukumu zenu zote, nikajua ipi inalima na ipi inateleza, wala sikuwahi kujua kalamu ile inafunguliwaje. Ungeniacha niishike hata siku moja, Baba. Nasema kwa uchungu na sioni aibu.

Vita vilipomgeuza Mjapani kuwa adui, uliacha kwenda nayo ofisini. Bwana Hassanali akakushauri uifukie. Ukamjibu kwamba samaki wako hawajampiga mtu risasi, ukaificha kwenye soksi ndani ya sanduku, na Jumapili mliendelea, madirisha yamefungwa, mnabishana kwa kunong'ona.

Halafu akaja Rajabu. Ulimwita mwenyewe, usisahau. Meza yenu ya kalamu ilikuwa inayumba, ukamtafuta fundi seremala wa Temeke aitengeneze, akaja siku mbili, na siku ya pili nilikuwa nimeshampenda. Alipoleta wazee wake kuniposa hukuwakaribisha hata kukaa. Nikakuuliza, mbona Bwana Hassanali ni Mwislamu na mnakunywa chai pamoja kila Jumapili? Ukanijibu, "Hassanali hajaniomba binti." Ukaongeza kwamba nikitoka mlango ule kwenda kwa Rajabu, wewe huna mtoto. Nikatoka. Nilikuwa na kiburi, nakubali, lakini kiburi kile nilikipata wapi kama si kwako?

Miaka mitatu. Nilikuandikia barua nne nikampa mama akupe. Mama aliniambia unazisoma, unazikunja vizuri, unaziweka sandukuni. Mtu mwenye kalamu bora kuliko zote Chang'ombe, na hukuniandikia hata mstari mmoja! Kila aliyepita kutoka upande wenu nilimtazama mikononi kwanza. Nilitaka neno moja tu, Baba, kwamba mimi bado ni mtoto wako.

Kiharusi kilipokupata, mama alituma mtu, nikaja mchana uleule. Upande wako wa kushoto ulikuwa umelala na ulimi umefungwa. Uliponiona, machozi yakakutoka jicho moja. Ukachezesha vidole vya mkono wa kulia hewani, na mama akaelewa kabla yangu. "Anataka kuandika." Akanipa soksi. Nikaitoa kalamu, mara yangu ya kwanza kuishika, nikaivua kofia, nikakuwekea mkononi, nikakushikia daftari. Hukunichapa.

Ukaandika "Mwanangu Nakundwa," kwa mwandiko wako uleule, umeinama kidogo tu. Kisha wino ukafifia, ukakata. Miwani tulisahau kukuvalisha, kwa hiyo hukuona. Ukaendelea kuandika. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mkono unakwenda taratibu, na kwenye karatasi hakuna kitu. Nilishindwa kukwambia. Mpaka mwenyewe ukahisi, sijui kwa sauti ya nibu, ukaacha kuandika. Ukaigandamiza kalamu kifuani, ukaanza kuhangaika na kitako chake kwa mkono ule mmoja, unakizungusha, kinateleza, unakizungusha tena.

Nikadhani akili imeanza kukuruka. Nikadhani unaivunja. Nikasema, "Baba, pumzika, tutaandika kesho," nikaivuta. Hukuiachia. Nikavibandua vidole vyako kimoja kimoja, kwa sababu nilikuwa na nguvu kuliko wewe. Ukanitazama. Kesho yake, kengele ya kanisa haijalia, ulikuwa umekwenda.

Baada ya mazishi Bwana Hassanali alikuja kutupa pole. Nikamwambia wino ulikuishia katikati ya barua. Akaiomba kalamu, akaifungua, wino ukamwagika kwenye kanzu yake. Ilikuwa imejaa. Hakuijali kanzu. Akanionyesha kitako chake, namna kinavyozungushwa. "Binti yangu, ndani kuna kizibo, mafundi wamekiweka ili wino usimchafue mtu safarini. Kikifungwa, yanapita maneno mawili matatu tu. Mtu akitaka kuandika barua ndefu, lazima afungue hapa." Akakizungusha mara mbili, akaandika kwenye kiganja chake, ikaandika. Kisha akafunika macho kwa mkono uleule wenye wino akalia, mzee wa watu, na mie nikabaki nimesimama na sinia la chai.

Kwa hiyo ilikuwa barua ndefu.

Nilirudi Temeke na lile daftari. Rajabu akakaa nalo asubuhi nzima bila kwenda kazini. Akachonga penseli yake ya useremala, akaanza kupaka karatasi polepole kwa ubavu wa risasi, ili mahali nibu ilipopita pabaki peupe. Nilimwinamia bila kupumua. Akapaka mstari wa kwanza mpaka wa tatu, akapaka ukurasa mzima mpaka ukawa wa kijivu. Hakuna kitu. Nikaugeuza, nikapitisha kidole nyuma kama mlivyokuwa mnafanya, ukawa laini tu. "Mzee alikuwa na mkono mwepesi," Rajabu akasema. Mtu ambaye hukuwahi kuitikia salamu yake, Baba, yeye ndiye aliyeyatafuta maneno yako.

Siku nyingine nakuwa na hakika ulinisamehe, nafua nguo huku nikiimba. Siku nyingine nasema mtu hahitaji mistari mitatu kusamehe, mistari mitatu ni ya kukemea. Na hata ya kukemea ningeichukua. Ningeikunja vizuri.

Nilitaka kuagana nawe hapa. Nisamehe kwa vidole vyako, Baba. Pumzika mahali pema, na mama nitamtunza. Lakini limebaki jambo moja ambalo sijamwambia hata Bwana Hassanali.

Ulipokuwa unaandika ile mistari, mtoto alilia barazani. Ukasimamisha mkono, ukageuza macho mlangoni, kisha ukanirudishia mimi, unauliza. Nikakwambia, "Ni mtoto wa jirani, Baba. Andika." Nilitaka umalize kwanza. Nilitaka kujua nimesamehewa, ndipo nimlete nimlaze kifuani kwako. Nami nilikuwa na la kukupa, nikalizuia nikingoja lako.

Hakuwa wa jirani. Rajabu alikuwa amempakata hatua sita kutoka kitandani kwako, na alikuwa na jina la mama yako.

Binti yako,
Nakundwa