Baba, Usimpe Poni Likizo Kama Yangu

Baba yangu uliye Gulu, au popote ulipo leo,

Sikuulizi hali. Poni anasema ulipompigia simu jana ulicheka sana, kwa hiyo hali yako naijua. Ninakuandikia waziwazi, mbele za watu, kwa sababu namba zako hubadilika kila mara, na mtu wa kuifikisha barua mkononi mwako simjui. Huenda fundi mmoja pale gereji unakofanya kazi akaisoma akakwambia, "Mzee, binti yako wa Juba amekuandikia."

Poni, mdogo wangu, amemaliza sekondari. Amerudi nyumbani kutoka Nimule, kwa mama mdogo alikokuwa anasoma, na ana miezi kadhaa kabla ya kuanza chuo kikuu. Wewe ukampigia ukamwambia, "Nakuja. Likizo hii ni yetu, mimi na wewe." Aliponieleza nilikuwa nakata bamia. Nikaweka kisu chini. Maneno hayo nayajua, Baba. Uliniambia mimi kwanza.

Mama alipoturudisha Juba kutoka Gulu nilikuwa na miaka minane, na Poni alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka kutembea. Ulisema utamaliza kazi mbili tatu za gereji halafu utufuate. Nikamaliza shule ya msingi. Nikamaliza sekondari, Poni akiwa ameshapelekwa Nimule. Siku moja, matokeo yangu yakiwa yametoka na chuo kikuu kimenikubali, ukashuka kwenye basi pale stendi ya Custom, mbele ya meza ya Mama ya karanga za kusaga, ukiwa na begi moja. Mama hakukufukuza. Alikutazama, akamalizia kumhudumia mteja, kisha akasema, "Keji, msalimie baba yako."

Wenzangu wote walikuwa na mipango ya likizo ile. Achol alikuwa anakwenda Kampala kwa dada yake. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kujifunza kompyuta pale kanisani, na nafasi zenyewe zilikuwa chache. Jioni nikae na Mama sokoni, asubuhi kompyuta. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Ukauvunja kwa sentensi moja tu: "Kompyuta utaikuta huko chuo. Likizo hii ni yetu." Nafasi yangu nikampa msichana mwingine. Nilimpa huku nikicheka, Baba, nikijiona tajiri.

Ulinunua pikipiki mbovu soko la Jebel, ukaifungua yote uani kwetu. Nilijifunza majina ya vyuma kabla sijajifunza kuendesha. Nililala mikono ikinuka petroli, na Mama akanipigia kelele kwa sababu ya mashuka. Ilipowaka mara ya kwanza ulirukaruka kama mtoto, majirani wakatoka kutazama. Kisha ukanipeleka kwenye uwanja wa vumbi chini ya mlima, ukakaa nyuma yangu na Kiswahili chako cha gereji: "Achia klachi polepole. Mama, polepole! Usiogope, mimi iko."

Niliogopa, na nilianguka. Ekzosi ikaniunguza mguu, ukaupoza kwa maji ya chupa huku ukiniambia pole, malesh, malesh, kana kwamba umeungua wewe. Vijana wa boda walikuwa wanatucheka. "Mzee, unamfundisha msichana? Atakupeleka mtoni huyo!" Uliwageukia ukawaambia, "Huyu anaingia chuo kikuu. Ninyi mtamwita bosi." Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Hakuna mtu aliyewahi kunisemea mbele za watu kwa namna ile. Tulikuwa tunarudi jioni mimi nikiendesha, wewe nyuma ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya, tukasimama njiani kununua mahindi ya kuchoma. Ukaniambia siku ya kufungua chuo tutakwenda hivyohivyo, mimi mbele wewe nyuma, hadi getini.

Mama aliona. Siku moja akinisuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Keji, usimzoee." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia ana wivu. Aliendelea kusuka.

Wiki ya kufungua chuo, niliamka nikakuta godoro lako limekunjwa na uani pamefagiliwa. Pikipiki haikuwepo. Nilidhani umekwenda kuitilia mafuta. Mama alikuwa anakoka moto.

"Baba yuko wapi?"

"Kalas, Keji, basi," akasema. "Ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Kwake."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwetu hapakuwa kwako.

Ulipiga simu baada ya siku kadhaa. Kulikuwa na nyundo zinagonga nyuma yako. Ukasema, "Malesh, binti yangu. Moses anaanza sekondari ya bweni, lazima nimpeleke mwenyewe."

Nikauliza, "Moses nani?"

Nyundo zikaendelea kugonga. Kisha ukasema, "Ndugu yako," kama mtu anayenikumbusha jina la jirani. Nikasikia mwanamke anakuita ukale, nawe ukamjibu kwa sauti ileile uliyokuwa unaniita nayo mimi. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba nina ndugu, kwamba ana mama yake, na kwamba siku yake ya kwanza shuleni ina baba.

Siku yangu ilikuwa na Mama. Alifunga meza yake, akavaa gauni la Jumapili, tukaenda kwa boda mbili. Hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Pale getini aliwauliza walinzi kwa sauti kubwa, "Wanafunzi wapya wanaingilia wapi? Huyu ni wangu." Nilitaka ardhi inimeze kwa aibu. Leo nikikumbuka, najisikia vibaya zaidi kwa sababu jicho langu lilikuwa barabarani, linatafuta pikipiki.

Mwezi wa kwanza darasani walitukalisha mbele ya kompyuta. Msichana niliyempa nafasi yangu alikuwa anachapa kama mvua. Mimi nilikuwa natafuta herufi moja moja kwa kidole, mwalimu amesimama nyuma yangu anasubiri. Nililia chooni. Nilikutukana kule chooni, Baba, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele za watu.

Ungekuwa baba mbaya moja kwa moja, ningekuelewa. Wapo wengi, na watoto wao wameshajua namna ya kuishi nao. Kinachonichoma ni kwamba ulikuwa baba mzuri. Ulijua kabisa namna ya kuwa baba, ulikuwa na moyo wake na mikono yake, ukanionjesha, ukaondoka na chungu. Na kuna jambo jingine ambalo Poni hajakuuliza kwa sababu ana adabu kuliko mimi. Barabara ya Gulu inapita Nimule. Ulipita hapo ukija na ukapita tena ukirudi, na mtoto wako alikuwa pale, shule yake inaonekana kutoka barabarani. Hukushuka.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Kompyuta nilijifunza, nilichelewa lakini nilijifunza. Nilidhani hasira imeisha hadi jana.

Nilimkalisha Poni nikamweleza yote haya, moja baada ya jingine. Nilitaka akupigie palepale akukatalie. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake mapajani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Wakati ule, kabla hajaondoka, ulifurahi au hukufurahi?"

Niligeuza uso, naye hakuniachia.

"Nilifurahi," nikasema.

"Basi. Wewe ulipata miezi mitatu ya baba. Mimi sijapata hata siku moja. Mwache aje."

Sikumlazimisha tena akupigie. Nimekuandikia kwa sababu hiyo.

Njoo, Baba. Usimwahidi kumpeleka chuo. Tutampeleka mimi na Mama. Usimwachishe kitu chochote alichopanga. Ukitaka muda wake, subiri amalize shughuli zake kama watu wengine wanavyosubiri. Na Moses mtaje siku ya kwanza, kwa jina, tumjue. Hana kosa lolote kwetu.

Halafu kuna hili, na hili si ombi. Siku utakayofika, kabla hujavua viatu, mwambie Poni siku utakayoondoka. Mwambie kwa mdomo wako, Mama akiwa amesimama pale. Akiijua, ataipima furaha yake mwenyewe. Mimi hukuniachia hata hilo.

Safiri salama. Hilo nakutakia kwa dhati, pamoja na hasira yangu yote.

Binti yako mkubwa,
Keji
Jebel, Juba