Mchicha wa Nyumba ya Arobaini na Nane

Kaka Hamisi, shikamoo. Natumaini hamjambo nyote hapo Lindi.

Mie niko Mbagala, kwenye shamba la ujamaa la mtaa wetu wa Temeke. Baridi ya kipupwe inauma asubuhi na viganja vimechubuka. Ulicheka kwamba muuza maandazi hawezi kumaliza wiki na jembe. Leo Jumamosi nimemaliza wiki ya zamu yangu.

Sie ni nyumba arobaini na nane. Tunalima kwa zamu, na kila Jumamosi mchicha unagawiwa kwa namba ya nyumba. Mzee Chande, msimamizi wa shamba, anagawa kwa kukamata tu bila kupima, wa mwanzo wanajaza vikapu. Namba yangu ndiyo ya mwisho, kwa hiyo tangu masika narudi na kapu tupu.

Leo nikamwahi kabla hajagusa jani. "Mzee, tufunge mafungu yote kwanza, ndipo tugawe."

"Mama maandazi, haya si madonge ya unga."

"Ni yale yale, mzee. Nisipokata madonge yote kwanza, la mwisho linakuwa kokoto."

Foleni nzima ikacheka, yeye akanuna, lakini akaniachia nifunge. Matuta yalikuwa sita, nikafunga mafungu manane kila tuta. Alipofika kwangu, mzee akashika fungu langu mkono huu, la mwenyekiti wa mtaa mkono ule, akapima, akatafuta tofauti, akaikosa.

"Jumamosi ijayo ufunge wewe," akasema.

Mwambie mama leo kwangu mchicha haukununuliwa, umelimwa na mwanawe. Mungu awalinde, nami mniombee mgongo.

Mdogo wako,
Somoe