Nafasi ya Mke ni Moja

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Nimemaliza kiolezo, na Kagwe ameshakiiba. Kwa mdomo. Mteja kutoka Juja ameingia ofisini, huyu bosi wangu akamwonyesha skrini na kusema hii kitu ameitengeneza mwenyewe, usiku na mchana. Mimi nimekaa hapo hapo, natazama kibodi. Mtu ambaye hawezi kufungua faili bila kuniita!

Kazi yetu ni matangazo ya vifo. Watu wa Thika na Ruiru wana watoto Marekani na Uingereza, gazeti haliwafikii, basi tangazo tunaliweka kwenye mtandao. Mpaka juzi kila marehemu alikuwa na ukurasa wake, umeandikwa wote mwanzo hadi mwisho. Hayat, anayepiga chapa, alikuwa anachukua ule wa marehemu wa jana anabadilisha majina. Mwezi uliopita akasahau kubadilisha mahali pa maziko. Watu wakaenda Gatundu na maua, maiti iko Matuu. Kagwe akamfokea mbele ya wateja hadi akalia. Nikasema ujinga huu nitaumaliza mimi.

Sasa ukurasa ni mmoja tu. Una maneno yasiyobadilika — kwa huzuni tunatangaza kifo cha — halafu nafasi tupu. Majina yenyewe yanakaa kando, kwenye jedwali, na Hayat anajaza hilo jedwali peke yake. Mtu wa Boston akifungua tangazo, server iliyo Nairobi inachukua kiolezo changu, inachota majina ya huyo marehemu, inajaza nafasi, ndipo inamtumia. Yeye hazioni nafasi wala amri zangu. Anaona tangazo. Na nikibadilisha neno moja kwenye kiolezo, limebadilika kwa marehemu wote papo hapo.

Watoto nimewawekea mzunguko: chukua mtoto, andika jina, weka koma, rudi kwa anayefuata. Hata wawe ishirini. Mpangilio nimeunakili kutoka gazetini. Mtoto wa. Mume wa. Baba wa. Babu wa.

Kagwe hata asante hakusema.

Alhamisi, 7 Oktoba

Baba amelazwa tena. Mapafu. Nimempata Mama pale hospitalini amekaa na kikapu cha uji tangu asubuhi. Wa Murera, nyumba ya kwanza ya Baba, hawajafika. Wao huja Jumapili baada ya kanisa, wamevaa suti, wanasimama miguuni pa kitanda kama wakaguzi. Mama Tobias, mke wa kwanza, anamsalimu Baba, anamruka Mama, anamsalimu mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kuoshwa, kulishwa, kugeuzwa — hiyo ni kazi ya kwetu Gatongora. Ya Ndunge, mama yangu. Ikifika mambo ya kuonekana, basi ni Murera.

Jumapili, 10 Oktoba

Baba amefariki leo saa nne. Mama alikuwa ameshika mguu wake.

Siwezi kuandika.

Jumanne, 12 Oktoba

Mkutano wa mazishi, Murera, nyumbani kwa Mama Tobias.

Viti vyote vilikuwa vya wanaume na vya Mama Tobias. Mama yangu alionyeshwa benchi la wanawake waliokuja kupika. Akakaa. Mimi nilisimama kwa mlango makusudi, ili wapate shida ya kunipita.

Tobias ndiye mwenyekiti. Kaka yangu huyu anafanya kazi ya bima Nairobi na anaongea kama anasoma. Amesema maziko ni hapo Murera, tarehe ishirini na tatu. Amesema tangazo litawekwa kwenye mtandao kwa sababu ya ndugu walio ng'ambo. Halafu akasoma: Muthoka, mume wa Magdalene. Nukta. Magdalene ni Mama Tobias.

Nikauliza na Ndunge je.

Mzee mmoja wa ukoo akakohoa, akasema wao hawajui habari ya mbuzi wa ntheo kupelekwa kwa kina Ndunge. Wale mbuzi ambao bila wao Mkamba bado hajaoa. Wote wanajua walipelekwa! Wengine walikula hao mbuzi. Lakini waliokubali kushuhudia wamekwisha kufa, na waliobaki wamekaa kwenye viti vya Tobias.

Tobias akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniua: "Dianah, hakuna mtu anamfukuza mama yako. Tunaandika tu ile iko."

Ile iko. Shamba la Gatongora liko kwa jina la Baba. Nyumba ya Mama iko juu yake. Mwanamke asiye mke kwenye tangazo hatakuwa mke kaburini, na asiyekuwa mke kaburini atakuwa mpangaji kufikia Krismasi. Tobias anajua. Ndiyo maana alisoma polepole.

Jumatano, 13 Oktoba

Tobias amekuja na karatasi mwenyewe. Kagwe amempokea kwa mikono miwili, pole sana bwana, chai bwana. Karatasi ikaenda kwa Hayat.

Hayat akaniita kando. Yeye ni Mwislamu, kwao mtu anazikwa siku hiyo hiyo, na siku zote hututania kwamba sisi tunangoja maiti wetu wapate umaarufu kwanza. Leo hakutania. "Dianah, mimi nilitaka kuweka mamako pia. Lakini hapa kwa mke inakubali mtu mmoja. Sasa nafanya aje?"

Nikatazama. Kweli inakubali mmoja. Watoto wana mzunguko, mke ana nafasi moja. Na hakuna aliyenilazimisha. Mimi, mtoto wa nyumba ya pili, niliketi hapa nikanakili gazeti bila hata kusimama kufikiri. Nilitaka kujipiga kofi.

Nimefanya kazi mchana kutwa bila kula. Jedwali jipya la wake. Mzunguko mpya: kwa kila mke, andika jina, weka "na". Nikaujaribu. Mume wa Magdalene na Ndunge. Tangazo lilitoka zuri, halina kasoro.

Kagwe akaliona. Akasoma mara moja tu. "Toa. Customer ameleta jina moja."

Nikamwambia huyo ni mama yangu.

"Hapa hakuna mama. Template ni kazi yako, sikatai. Lakini yale yanajazwa ndani ni ya customer." Kisha akambadilishia Hayat neno la siri la majedwali na kumkataza kunipa. Mzunguko wangu akaniambia niufute mbele yake. Nikaufuta. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto.

Yaani kitu nilichomfundisha mimi! Mimi ndiye niliyemweleza kwamba umbo ni kitu kimoja na yaliyomo ni kitu kingine. Ameelewa siku moja tu mwaka huu, na ni hii.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mama amekuja ofisini. Amepanda ngazi na leso yake nyeusi, akasema anataka kuona tangazo la mume wake. Sikuweza kumkatalia.

Alisoma na kidole kwenye kioo. Mume wa Magdalene. Akapita. Akafika kwa watoto: Tobias, dada zake wote, halafu mwisho kabisa, Dianah. Kidole kikasimama.

"Wewe umetajwa."

Nikamjibu kwa Kikamba chetu: ndiyo, Mwaitu, ndiyo, Mama.

"Sasa wewe ulizaliwa na nani?"

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikunja leso, akamuaga Hayat, akashuka. Kagwe akauliza yule mama alikuwa anataka nini. Nikamwambia alikuwa amepotea njia.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nimefanya.

Majedwali hayanihusu? Sawa. Kiolezo ni kazi yangu, Kagwe alisema mbele ya shahidi. Nimefungua kiolezo, nimeenda pale penye Mume wa, baada ya nafasi ya jina, nimeandika kwa mkono wangu: na Ndunge. Si kwenye nafasi. Kwenye maneno yenyewe, yale yasiyobadilika. Nikaunganisha modemu ikapiga kelele zake, nikakipeleka Nairobi.

Najua maana yake. Sihitaji kuambiwa. Ningeweza kuweka sharti: ikiwa marehemu ni Muthoka, ongeza, kama siye, acha. Mstari mmoja tu. Sikuuweka. Sasa hivi kila mwanamume aliyekufa na kupita ofisini kwetu ni mume wa mkewe na Ndunge. Mwalimu wa Ruiru. Yule mwenye kinu wa Makongeni. Mzee wa kanisa wa Githurai 45. Wote.

Waje waulize. Wajue mwanamke anaitwa Ndunge.

Hayat aliona. Akasema, "Wewe utafukuzwa." Halafu akaenda kufunga mlango wa Kagwe taratibu ili asisikie modemu.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimemwambia Mama jina lake liko. Sikumwambia liko wapi kwingine. Alikuwa anafua. Aliendelea kufua muda mrefu, kisha akasema atakuja Jumatatu alione kwa macho yake.

Jana nilikuwa simba. Leo nahesabu majina ya wale marehemu wengine.

Jumatatu, 18 Oktoba

Kagwe ameenda Nairobi. Simu imelia tangu tufungue. Mtoto wa mwenye kinu ametutukana. Mtu wa Leicester ametutukana kwa Kiingereza. Tobias amepiga, sauti si ya kusoma tena. Anakuja mchana na wakili. Aje. Nilikuwa naketi niweke lile sharti, niwatoe hao wengine, nimwachie Baba peke yake. Vidole viko tayari. Kisha akaingia mama mmoja.

Amejitaja: Jentrix, mjane wa yule mzee wa kanisa wa Githurai. Binti yake aliye Uingereza amempigia simu analia. Nikajiandaa kutukanwa. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi mdomoni.

Hakutukana. Aliketi kwenye benchi, akaweka mkoba magotini.

"Mimi nilijua kuna mtu," akasema. "Miaka yote nilijua. Jina tu ndio sikuwa nalo. Nawashukuru nyinyi mmeliandika. Sasa huyu Ndunge anakaa wapi? Sitaki vita. Nataka nimwone tu."

Mume wake huenda kweli alikuwa na mwingine, mahali fulani, na huyo mwanamke naye hana jina kwenye tangazo lolote, kama Mama. Na mimi nimempa huyu mjane jina la uongo na amelipokea kwa mikono miwili. Wiki nzima nimewakasirikia watu. Leo ni zamu yangu, na Kagwe hayupo nimrushie lawama.

Nikamwambia angoje kidogo nitazame kwenye kompyuta.

Nimetazama nini? Hakuna cha kutazama. Naandika hapa kwenye dawati, wanadhani nafanya kazi. Nasema wanadhani kwa sababu sasa wako wawili. Mama amefika. Ameketi benchi lile lile, nafasi ilikuwa hapo tu. Wameonana wote na leso nyeusi, wakapeana mikono, wakaambiana pole. Hayat amewapa chai. Wanaongea juu ya miguu ya wagonjwa inavyovimba mwishoni. Mama anacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu Septemba.

Jentrix amemgusa Mama mkono, amemuuliza, "Na wewe, mama, unaitwa nani?"

Hayat ananitazama. Mama ameweka kikombe chini amjibu.