Kopo Chini ya Vitenge

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeitwa shuleni tena. Mwalimu Editha kanipokea kwa sauti ya kutoa pole msibani. Eti binti yangu Shamimu hakai kitini! Leo katikati ya hesabu katoka kwenda kumwangalia kuku wa mlinzi akitaga. Darasa zima likamfuata. Asipobadilika atarudia darasa la pili. Nikaitikia sawa mwalimu, nikaenda kulia kwenye bajaji. Dereva akapunguza muziki, Mungu ambariki.

Jumatano, 6 Agosti

Hospitali. Dokta Theonest na maswali yake thelathini. Anapoteza vitu? Anaanza jambo haliishi? Najibu huku namtazama Mbwana, baba yake. Fundi makabati Keko — na kabati la mteja wake Mama Clara lina mlango mmoja tangu Ramadhani! Kila ndiyo ya mtoto ilikuwa ya baba pia. Mwishoni hata dokta akawa anamtazama yeye.

Tumetoka na kopo la vidonge vya kumsaidia atulie. Kimoja asubuhi, baada ya chai, turudi baada ya mwezi aone anavyoendelea. Hatulazimishi, ila anashauri. Mbwana njia nzima: mbona mie nilikuwaga hivyohivyo na nimekuwa mtu? Nilikuwa namfikiria Mama Clara.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama mkwe kahamia kwetu, na kombe lake. Sahani nyeupe, aya za Kurani kwa zafarani, kaiosha kwa maji ya waridi, mjukuu kanywa. Kaomba tena — kapenda waridi. Vidonge, anasema bibi, vitamfanya mtoto zuzu. Mafundi wa Keko nao wote madaktari leo: mmoja asile sukari, mwingine ale samaki, wa tatu aolewe mapema atatulia. Huyo Mbwana kamfukuza na msumeno!

Kopo nimelificha kabatini chini ya vitenge. Asubuhi nililishika, nikalirudisha. Naogopa kumpa. Naogopa kutompa. Namtaka Shamimu wangu yuleyule, ila ajue kusoma.

Jumatano, 13 Agosti

Maajabu! Mwalimu Editha kaandika kwenye grupu la wazazi: Shamimu siku tatu ametulia, kazi zote kamaliza, hongera Mama Shamimu, dawa imemkubali.

Dawa! Kopo halijafunguliwa. Nilimwambia mwalimu tumepewa, sikumwambia sijampa. Hadi adhuhuri wazazi sita wamenitafuta — dawa gani hiyo, shoga, wangu anapanda madirisha. Mama mkwe kasomewa meseji, kashukuru, kisha kapiga simu Vingunguti kwa dada zake wote kutangaza kombe. Mbwana anasema siku zote alijua, mtoto anataka kukaripiwa na baba tu. Hajamkaripia hata siku moja.

Na mie? Nimeandika asanteni wapendwa. Muongo mkubwa!

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika chai inapoa. Shamimu kaja na sare yake, kakaa kitandani kwangu, kauliza ile dawa ya dokta ataanza lini. Nikamwambia ya nini, mbona umetulia, hata mwalimu kakusifu!

Akanionyesha vidole. Vina michirizi ya mbao za dawati. Kumbe anaikalia mikono kutwa nzima. Akitaka kuinuka anahesabu mpaka mia, halafu anaanza upya. Na mwalimu anafundisha nini? Hajui, anahesabu. Kazi ananakili kwa jirani yake Talha.

Nachoka, mama. Wenzangu nao wanakaliaga mikono?

Jamani! Tangu juzi namshukuru Mungu kwa utulivu, kumbe ni mtoto wa miaka minane anajifunga mwenyewe. Nimeona haya kuliko siku zote za kuitwa shuleni.

Kopo nimelitoa, liko mezani kando ya kikombe chake. Mbwana kasimama mlangoni, kasikia yote, leo hana hadithi ya utoto wake. Mama mkwe anaita kutoka uani, nani kamchelewesha mtoto. Shamimu anatutazama mmoja mmoja, mikono chini ya mapaja, anasubiri tuamue.