Begi la Joha

Jumapili, 19 Januari 2025

Wamefika. Shangazi Mahfudha na Ikhlas, mke wa mwanawe mkubwa. Wamepewa chumba changu kabla sijamaliza kutoa nguo kabatini. Mimi nalala sebuleni, miguu chini ya meza ya chai. Sijali. — Najali. Ndicho kitu pekee kilichokuwa changu Dubai. Daftari hili nimelihamishia bafuni, nyuma ya taulo. Huko tu ndiko mlango unakofungwa.

Tangu Baba afungue ofisi ya mizigo Deira na kutuhamishia hapa Mankhool, hatujapata wageni. Leo nyumba inanukia Mombasa: achari, visheti, asumini zilizonyauka ndani ya leso. Baba anacheka kicheko nilichokuwa nimekisahau. Ningefurahi nami. Lakini wamekuja kununua begi la harusi, nguo na dhahabu anazopelekewa bibi harusi, na bwana harusi ni Fawaz.

Fawaz mwana wa Shangazi, aliyekuwa akiniandikia kila siku! Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, aliandika: Nitamtuma Mama azungumze na wakubwa. Kisha kimya. Sikuuliza. Msichana anaanzaje kuuliza posa yake imefika wapi? Nikaamini amebadili nia. Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 20 Januari

Deira kutwa. Shangazi hanunui kitu mpaka akivute, akinuse, akikatae, atoke dukani, aitwe. "Khalas, mama, khalas, chukua!" Ikhlas akamwambia muuzaji aongeze na duka lenyewe.

Bibi harusi anaitwa Joha, wa Malindi. Hakupimwa — begi ni la kumshtukiza. Shangazi akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Mwili ni huu huu. Rume, vaa."

Ikhlas akacheka. "Mimi nikilivaa gauni hilo, mishono itapiga mayowe."

Nikavaa. Gauni, buibui, viatu. Vyote vimenienea. Hata viatu.

Jumatano, 22 Januari

Soko la dhahabu. Muuzaji akanifunga mkufu shingoni: "Mabruk, arusa!" Nikangoja Shangazi amsahihishe, amwambie bibi harusi si mimi. Ikhlas naye kimya, mara moja maishani mwake.

"Geuka, mwanangu," akasema Shangazi. Nikageuka.

Baba aliniuliza mbona siongei. Nikasema ni baridi ya dukani, ile eisii. Nyumba imejaa watu, vikombe, vicheko. Nimeosha vyombo polepole ili nisirudi sebuleni.

Alhamisi, 23 Januari

Fawaz hana dada. Siku ya kupeleka begi anatakiwa msichana wa upande wao alifungue mbele ya wanawake, ainue kitu kimoja kimoja, vigelegele vipigwe. Shangazi ananitaka mimi. Baba amesema inshallah, tiketi atakata.

Mama akadakia: "Rume ana intavyuu ya kazi wiki hiyo."

Sina intavyuu yoyote. Nimetuma shahada yangu kila mahali na hakuna aliyejibu. Mama anajua. Kwa nini basi aniokoe? Alijuaje kwamba nahitaji kuokolewa?

Ijumaa, 24 Januari

Baba yuko msikitini, Mama na Ikhlas jikoni kwenye pilau. Mimi na Shangazi juu ya kitanda changu, tunakunja leso za Joha. Akasema bila kuniangalia — nayaandika kama yalivyotoka:

"Usidhani sikuumia. Mimi nilikutaka wewe. Fawaz alikutaka wewe. Nikampigia mama yako, akajibu: Rume hataki, anamwona Fawaz kama kaka yake. Nikamwambia mwanangu, basi, usimsumbue mtoto wa watu."

Akalainisha leso kwa kiganja. "Lakini hatukuvunja udugu, sivyo?"

Nikaiweka chini leso niliyoshika. Nilimngoja Ikhlas atoke jikoni, nikaingia, nikamuuliza Mama kwa sauti ya chini. Hakukana!

"Nilipoolewa nilikaa nyumba moja na wifi yangu. Unamjua akiwa mgeni. Mimi namjua akiwa mwenye nyumba." Akafunika sufuria. "Sikukusomesha ukaombe ruhusa ya kwenda dukani. Nilikujibia ili usione haya kumkatalia shangazi yako."

Nikamwambia hakuniuliza.

"Ningekuuliza ungesema ndiyo." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na si vitunguu. "Harusi ni wiki ijayo, Rume. Nyamaza."

Nimekula pilau. Nimenyamaza.

Jumamosi, 25 Januari

Naandikia bafuni.

Wanaondoka leo. Begi lilikuwa wazi sebuleni, limebaki gauni la karamu ya walima tu, fundi alikuwa amelitia nakshi. "Livae mara ya mwisho tuone," akasema Shangazi. "Na mkufu." Nikavaa. Simu ya Ikhlas ikalia — video, kwa ile app ya Botim. Fawaz. Ikhlas akanigeuzia simu: "Haya, mwone bibi harusi wa bandia!"

Alikuwa akicheka. Akaniona. Akaacha.

"Rumaisa." Jina zima.

Shangazi akamwita Ikhlas amsaidie kukandamiza begi, na simu ikabaki mkononi mwangu. Fawaz akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyelibeba swali mwaka mzima: Kwa nini ulinikataa?

Nikasema, ngoja. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Nikampita, nikaingia humu, nikafunga.

Simu nimeilaza kwenye sinki. Bado yupo. Anaona dari tu. Gauni la Joha liko mwilini, zipu ya mgongoni siifikii. Joha hajanikosea chochote. Sijawahi hata kuiona sura yake.

Mama anagonga. Si kwa nguvu. "Rume, mwanangu. Toka tu. Wanangoja gauni, walifunge begi."

Fawaz amesikia. Ananiita tena.

Nimefungua bomba la maji, wa nje wasinisikie nikimjibu —