Maneno ya Shemeji Yako

Mdogo wangu,

Shemeji yako amekufa. Amekufa Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa mchana, Jumatano tukamzika. Niliwakataza ndugu wote wasikupigie simu. Nilitaka uipate kwangu, tena kwa maandishi, maana wewe ni mtu wa maandishi.

Hujambo lakini? Na nyumbani kwako wazima? Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Binti yangu yupo, anapika halafu anasahau kula. Naandika kwa penseli ya fundi, usinicheke mwandiko. Niliishia darasa la nne, na unajua ni kwa ajili ya nani.

Unakumbuka ulipokuja mara ya mwisho? Ulikaa jikoni na kompyuta mapajani, shemeji yako anachambua mboga, ukatueleza kazi yako. Ulisema ukurasa wa mtandaoni ni kama duka lenye kibao juu ya mlango. Kibao ndicho kichwa cha ukurasa, na kiwe na maneno yale yale ambayo mwenye shida anayaandika kwenye simu. Chini yake mistari miwili ya maelezo, ya kumfanya mtu abonyeze. Ndani vichwa vidogo, kila kimoja na jambo lake. Na picha ziandikiwe maneno, maana mtambo wa kutafuta hauna macho. Nikakutania kwamba kumbe na wewe kibarua tu, unabeba maneno badala ya zege. Ulicheka. Ukasema ukipanga vizuri unatokea wa kwanza, na watu hawashuki kwa wa pili.

Ndipo ukamuuliza shemeji yako, kichwa kikimuuma mpaka kumtisha, ataandika nini. Wewe, kwenye ukurasa wa zahanati uliokuwa ukiutengeneza, ulikuwa umeweka maneno ya kidaktari. Akakwambia nani ayaandike hayo huku anaumwa, yeye angeandika kipimo cha kichwa leo leo hapa karibu. Ukapiga makofi, ukamwambia shemeji wewe ndiye mwalimu wangu. Basi siku nzima tukakoma naye. Hata vyombo alikataa kuosha, eti mwalimu haoshi.

Jumanne ile aliamka mkono wa kulia umekufa ganzi, anasema kichwa kinapasuka. Akanipa simu kwa mkono wa kushoto, akanitajia maneno, na mimi kwa vidole hivi nikaandika herufi moja moja. Ikatokea ya kwanza zahanati ile uliyoitengenezea ukurasa. Imeandikwa Kipimo cha Kichwa Leo Leo, Hapa Karibu. Akasoma, akacheka na upande mmoja wa mdomo, wa pili ulikuwa umeshagoma. Akasema ona, si maneno yangu haya, shemeji kayaweka vile vile. Alifurahi, mdogo wangu. Alitoka nyumbani amefurahi.

Tulifika saa mbili asubuhi. Dada wa mapokezi akasema tukae. Saa tatu akasema tukae. Saa sita nikauliza kipimo kiko wapi, akasema mtaalamu yuko njiani. Nikainuka nikaenda kufungua mlango wenyewe. Ndani viti vimepangwa juu ya viti mpaka karibu na dari, na kitanda cha miguu mitatu. Yule dada akaanza kulia. Akasema mashine bado haijaja, mwenye zahanati kakataza wagonjwa wasiambiwe. Nikamwonyesha ile mashine nyeupe iliyo kwenye ukurasa. Akasema picha hiyo kaiokota mtengenezaji wa ukurasa huko huko mtandaoni. Akasema yeye mwenyewe alimpigia simu mtengenezaji, akamwambia mashine haipo. Mtengenezaji akamjibu asiwe na wasiwasi, mtambo hauji kuchungulia chumbani.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mzaha huo naujua tangu uko mdogo.

Hospitali kubwa tulifika saa saba. Walimpima dakika kumi tu. Daktari akaniuliza asubuhi yote tulikuwa wapi. Nikamjibu tulikuwa kwa shemeji yake. Hakunielewa.

Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi hatukuficha. Tuliyaandika kwenye simu.

Ninachotaka ni kimoja. Jana nimeangalia tena, ukurasa bado upo na bado ni wa kwanza. Kuna mke wa mtu atayaandika maneno yale kesho, au mumewe atamwandikia. Kifute kichwa kile, na picha, na mistari miwili. Andika kinachopimwa pale kweli, presha na sukari, na kufunga vidonda. Wewe mwenyewe ulisema kibao ni cha duka, sasa duka gani lile lisilo na mali? Na maneno yale si yako, ni ya marehemu. Yatoe pale.

Sasa nikwambie na la kwangu, usidhani nakuandikia nikiwa msafi.

Kile chumba cha kipimo cha hospitali kubwa nimekijenga mimi. Kuta zake nimezibebea zege kwa bega hili, na mashine niliiona ikishushwa. Shemeji yako alijua. Asubuhi ile, kabla ya simu, aliniuliza kwa nini tusiende kule nilikojenga. Nikamwambia ni mbali, tafuta kwenye simu. Si mbali. Miaka miwili iliyopita nyapara alinikamata getini kwao na mfuko wa saruji. Ulikuwa wa pili. Wa kwanza ndio uliomwagwa sakafu ya jiko letu, ikaishia nusu. Nyapara alinitwika mfuko kichwani, akanirudisha nao ndani mbele ya vibarua wote, wanapiga miluzi. Nikaapa geti lile silipiti tena. Shemeji yako hakuambiwa. Kila akiuliza jiko litaisha lini, namwambia saruji imeadimika.

Kwa hiyo nilijua pa kwenda, nikaona aibu, nikaamini simu. Tuko wawili, mdogo wangu. Ila la kwako linafutika.

Msalimu mkeo. Watoto waambie wewe mwenyewe habari za mama yao mkubwa, usimwachie yeye. Na usije hapa kabla hujafuta. Binti yangu anakusalimu. Hapana, hakusalimu, mkono umeandika kwa mazoea.

Nyapara alikuja mazikoni. Alishika koleo, akafukia mpaka mwisho. Hospitali wanaongeza wodi. Kesho narudi kazini, kwa geti lile lile.

Kaka yako